Kiwanda cha Patterson hakikuzimwa na Ford

Mwandishi mmoja anadai kwamba kiwanda cha magari cha familia ya Patterson, cha Greenfield, Ohio, Marekani, kilikufa mara magari ya bei nafuu ya Ford yalipofurika sokoni. Dai hilo linakatisha historia yake katikati, nami nalipinga. Charles Richard Patterson, aliyezaliwa utumwani Virginia mwaka 1833, alikuwa mhunzi aliyeanza kuunda magari ya farasi kwa ubia, na kufikia 1893 biashara nzima ilikuwa mikononi mwa familia yake. Mwanawe Frederick ndiye aliyetoa gari la injini la Patterson-Greenfield mwaka 1915, na hakuna kampuni ya Wamarekani Weusi iliyomtangulia katika kazi hiyo. Ni kweli kwamba karakana inayounda gari moja moja kwa mikono haikuweza kuuza kwa bei ya Ford. Lakini mafundi walewale, waliozoea kuunga fremu za mbao, kuwamba viti kwa ngozi na kupaka rangi tabaka juu ya tabaka, walihamishia ujuzi huo kwenye bodi za mabasi na malori, wakizifunga juu ya chasisi zilizonunuliwa kwa wengine, na mabasi yao yalibeba wanafunzi wa Ohio kwa miaka mingi hadi kampuni ilipofungwa mwaka 1939. Inasikitisha kwamba hakuna Patterson-Greenfield hata moja inayojulikana kusalia. Je, kuna msomaji aliyewahi kuona kwa macho yake gari la farasi lililotoka katika karakana hiyo?