Monument Valley: bonde la Wanavajo lililoitwa Texas

Kama umewahi kutazama filamu za kauboi za zamani, Monument Valley unaijua hata kama jina lake hujalisikia: ardhi nyekundu, na majabali yaliyosimama wima kama minara. Bonde hilo liko mpakani mwa majimbo ya Arizona na Utah, Marekani, ndani ya ardhi ya Wanavajo, mojawapo ya makabila ya wenyeji asilia wa nchi hiyo. Mwongozaji wa filamu John Ford alipigia hapo Stagecoach, iliyotoka mwaka 1939, kisha akarudi tena na tena hadi Cheyenne Autumn ya 1964. Swali linalobishaniwa ni kama wenyeji walifaidika au walitumiwa tu.

Wanaosema walifaidika wana hoja nzito. Katika miaka ya 1930 serikali ya Marekani iliwalazimisha Wanavajo kupunguza kondoo na mbuzi wao, ikidai kwamba mifugo inaharibu ardhi kwa mmomonyoko. Kondoo kwao alikuwa kitoweo, sufu ya kufumia mablanketi, na akiba ya nyumba. Ni katika dhiki hiyo Harry Goulding, mwenye duka bondeni, alifunga safari hadi Hollywood na picha za majabali mkononi, akitafuta kampuni ya kuja kupiga filamu. Kwa familia iliyokwisha kupoteza mifugo, ujira wa siku chache za kupanda farasi mbele ya kamera ulikuwa unga na kahawa. Anayeubeza leo ajiulize wangekula nini.

Hata hivyo, ujira haumalizi deni lote. Hadithi ya The Searchers (1956) iko Texas, kwa hiyo bonde likageuzwa Texas na Wanavajo wakageuzwa Wakomanchi, kabila jingine. Katika Cheyenne Autumn, filamu ambayo Ford mwenyewe aliikusudia iwatetee wenyeji asilia, Wanavajo waliigiza Wacheyenne, kabila jingine tena, huku wakizungumza Kinavajo; nafasi kubwa za machifu wakapewa Ricardo Montalbán na Gilbert Roland, wazaliwa wa Mexico.

Wapo wanaojibu kwamba sinema ni usanii, na mandhari ni pazia tu. Kuhusu mawe nakubali. My Darling Clementine (1946) iliuweka mji wa Tombstone chini ya majabali yale, ilhali mji wenyewe uko kusini kabisa mwa Arizona, na sioni aliyedhurika. Lakini jabali halina kabila, mtu analo. Mtazamaji alimwona Mnavajo kwa macho yake, akamsikia akisema lugha ya mama yake, akatoka ukumbini akiamini amemwona mtu mwingine. Kosa hilo nalihesabu kuwa kubwa kuliko kosa la ramani, na fedha ya siku ile haikulifuta.

Tangu 1958 bonde ni hifadhi inayosimamiwa na Wanavajo wenyewe. Mgeni hulipa kiingilio kwao, na anayetaka kupiga filamu huwaomba kibali. Wageni wengi huja kwa sababu ya filamu zile zile, na genge la mwamba wanalolikimbilia kupiga picha bado linaitwa John Ford's Point.