Kwetu karani atakufa karani

Ijumaa ofisini kwetu hapa Birmingham tulikata keki. Binti aliyeingia hapa ametoka shule tu, kazi yake kupokea simu na kutoa fotokopi, sasa ni wakili. Miaka sita alikuwa mwanagenzi: anafanya kazi, anasoma, mshahara unaingia. Akafanya na mitihani ileile ya SQE, ya kuwa wakili huku Uingereza, inayoninyima usingizi mimi niliyekuja na digrii yangu. Sehemu ya kwanza peke yake ni maswali 360!

Nilimfurahia, wallahi. Halafu nikapandwa na hasira, maana nilimkumbuka karani wa ofisi niliyoanzia Mombasa. Yule bwana ndiye aliyenifundisha hati ya kiapo inavyopangwa, kila kielelezo na muhuri wake, na faili "ikipotea" masjala uanze kumwona nani. Mama wa Likoni akija na notisi ya kuhamishwa mkononi, wakili yuko kortini. Anayeisoma ile karatasi na kumwambia "mamangu, tulia, hapa bado una la kujibu" ni karani. Miaka yote hiyo haihesabiwi popote akitaka kuwa wakili, nami nasema ingehesabiwa.

Najua mtakavyosema. "Kaonja baridi ya Ulaya, sasa atudharau." Sidharau mtu. Hukumu za mahakama zetu mtu yeyote anazisoma bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na ninajivunia hilo kila ninapoonyeshwa bei ya vitabu vya sheria huku.

"Kwa hivyo wataka mawakili wa mkato?" Miaka sita ni mkato? Kwetu ni digrii ya miaka minne, kisha uende Shule ya Sheria ya Kenya kule Karen, masomo tisa, na mtoto wa Kisauni ajitafutie chumba Nairobi. Mwenye watoto watatu na mshahara wa karani ataanzia wapi? Wengine digrii wanayo, bado wamefika kortini kubishana na Shule hiyo juu ya alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari.

Na wewe unayesema haya ni mambo ya Wazungu: Shule yetu ya Sheria ilipoanza 1963, ilifundisha vijana waliokuwa wakijifunza kazi chini ya mawakili ofisini. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuja kufungua kitivo cha sheria 1970. Njia hii tulikuwa nayo, tukaifunga wenyewe.

Uingereza nayo si peponi. Serikali yao imeshaibana njia hii. Anayeanza akiwa na miaka 22 au zaidi, fedha za umma kwa kawaida hapati. Karani wangu mwenye mvi angeambiwa amechelewa. Lakini angalau hata yeye, miaka miwili ya kazi ya sheria ofisini ingehesabiwa.

Na huko kwetu Kenya, tangu Machi 2024 kesi zinafunguliwa mtandaoni nchi nzima. Mwadhani ni nani anayepakia zile hati saa tano usiku, kwa akaunti ya wakili aliyekwisha lala?