Kabati la Herufi

Katika kazi ya kuokoa na kuuza mitambo ya zamani ya chapa, kila mtu huiogopa mashine na hakuna anayeziogopa herufi. Hofu hiyo ina sababu. Mashine ya Heidelberg, ile yenye mikono miwili inayozunguka ikinyakua karatasi moja baada ya nyingine, na ambayo ilikoma kutengenezwa mwaka 1985, ina uzito unaozidi tani moja, na chuma chake cha kalibu kikianguka hakipindi bali huvunjika. Kwa hiyo siku tuliyokwenda kuihamisha moja kutoka katika kiwanda cha chapa kilichofungwa, tulijiandaa kama watu wanaomhamisha tembo mgonjwa: mitaimbo, minyororo, mabomba ya kuibiringishia, na kiongozi wa wapagazi aliyetoa amri hata kwa wale waliokuwa wamepumzika. Mashine ikatoka bila kukwaruza kizingiti.

Likabaki kabati la herufi, ghorofa ya juu. Lilikuwa la mbao, lenye droo pana zisizo na kina, kila droo imegawanywa vijumba vingi na kila herufi ina kijumba chake. Herufi zenyewe ni za madini ya risasi yaliyochanganywa na bati na antimoni, ndiyo maana droo moja iliyojaa humkumbusha mbebaji kwamba ana kiuno. Kanuni inajulikana: droo hutolewa moja moja, hubebwa bila kuinamishwa, na kabati hufuata likiwa tupu. Nilimweleza hivyo kiongozi wa wapagazi, naye akanitazama kwa huruma.

“Bosi, tumetoa tani nzima, sasa tushindwe na kabati?”

Wakalibeba zima. Kabati la namna hii halina komeo. Kinachoizuia droo isitoke ni uzito wake tu, na kabati likiinama, uzito huohuo ndio unaoitoa. Walipokanyaga ngazi za kwanza, droo ya juu ilichungulia taratibu, kwa adabu kabisa, kisha ikaruka, na zilizokuwa chini yake zikaifuata. Herufi zikatutangulia hadi sakafuni. Kiongozi, ambaye alikuwa upande wa nyuma na hakuona kilichotokea, alihisi tu mzigo ukipungua mikononi mwake, akapaza sauti kwa furaha: “Si niliwaambia ni jepesi?”

Mnunuzi alikuwa ameagiza kabati likiwa kamili, kwa hiyo tukaketi kuzipanga upya. Uso wa herufi ya chapa huwa kinyume, hivyo b hujifanya d, p hujifanya q, na n ukiigeuza juu chini inakuwa u. Bahati nzuri kila kipande kina mfuo mdogo ubavuni, ambao humwonyesha mpanga chapa upande wa chini wa herufi hata kabla hajautazama uso wake. Bila mfuo huo pengine tungekuwa tumeketi pale mpaka leo. Lakini zilizomwagika zilikuwa za pointi 10 na za pointi 12, na tofauti ya ukubwa huo haifiki hata milimita moja. Tulizipima kwa kuzisimamisha ubavu kwa ubavu, tukabishana, tukanawa mikono kila mara kwa sababu risasi ni sumu, kisha tukaendelea kubishana. Baadaye nikagundua siri ya kasi ya kiongozi wa wapagazi: kila herufi iliyomshinda aliitupa katika kijumba cha q, kwa hoja kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekwenda kutafuta kitu huko. Nilikosa jibu.

Mnunuzi alipofika, mama mmoja mtulivu, nilivuta droo ya juu kwa fahari ya mtu aliyekesha. Akapitisha kidole juu ya vijumba, akatabasamu.

“Hongera, mwanangu. Nitazitundika droo hizi ukutani, nipangie vikombe vyangu vidogo na makombe ya baharini.” Kisha akainama na kutazama kwa karibu zaidi. “Ila hivi vichuma mbona mmeviacha humu? Naomba mnimwagie.”

Kabla sijafumbua kinywa, kiongozi wa wapagazi alikuwa ameshakamata pembe moja ya kabati, akiuliza ngazi ziko upande gani.