Kichina hakina "play"

Anayeanza Kichina hupewa orodha ya maneno: kushoto Kiingereza, kulia Kichina, neno kwa neno. Humo "play" ni wán. Anakariri, halafu siku anayotaka kusema anacheza mpira, wán inamwangusha. Mpira wa miguu una tī, yaani kupiga teke. Wa kikapu una dǎ, kupiga kwa mkono. Gitaa na piano ni tán, fidla ni lā, neno ambalo kwa asili ni kuvuta, na filimbi ni chuī, kupuliza. Kiingereza kinaona mchezo. Kichina kinaangalia mguu, vidole na mdomo vinafanya nini.

Wanaoitetea orodha wana hoja kiasi. Huwezi kumtwisha mtu vitenzi vitano kwa mpigo kabla hajajua hata kusalimia. Na zipo jozi zinazokaa vizuri: "buy" ni mǎi, "eat" ni chī. (Ingawa Wachina hula hata dawa, chī yào, kama sisi tunavyokunywa vidonge.)

Upande wa pili husema kitenzi kifundishwe pamoja na kile kinachotendwa, na hapo ndipo nilipo mimi. Chukua "wear". Shati, suruali na viatu ni chuān. Kofia, miwani na saa ni dài. Aliyekariri chuān peke yake atavaa kofia kama suruali, na mazoea hayo kuyang'oa ni kazi kuliko kujifunza upya.

Ila kwa Mswahili kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita: kwa nini tupitie Kiingereza? "Ask" inawasumbua wengi kwa kuwa Kichina kina wèn na qǐng. Sisi tunajua tangu utotoni kwamba kuuliza si kuomba, na mgawanyo wa Kichina unakaribiana sana na huo. Jiè nayo ni kuazima, ya anayetoa na ya anayepokea, sawasawa na yetu. Kiingereza ndicho kinachotulazimisha kuchagua kati ya "lend" na "borrow". Simu wao huipiga, dǎ diànhuà, nasi tunaipiga.

Tusijidanganye, lakini. Kuvaa kwetu hakutenganishi kofia na kiatu, kwa hiyo kwenye chuān na dài tumo chombo kimoja na Waingereza. Na "piga" ni mtego mtamu. Picha hupigwa kwa pāi, kitenzi kilekile cha kupiga makofi, wala si dǎ. Kura kwao haipigwi: ni tóu piào, na tóu ni kurusha. Ndiyo maana daftarini mwangu sikubali tena kitenzi kikae peke yake. Naandika dài màozi, vaa kofia. Chuān xié, vaa viatu. Tóu piào, piga kura. Safu ya Kiingereza nimeifuta, isipokuwa pale Kiswahili kinaponiacha njiani.