Mlima wa The Sound of Music Unateremkia Ujerumani. Je, Tujali?

Filamu inakaribia kwisha. Kapteni von Trapp amembeba mgongoni bintiye mdogo, Gretl. Maria na watoto wengine wanafuata kwa mstari, milima imetanda mbele yao, na kwaya inapandisha sauti. Wanawakimbia Wanazi, na kila mtazamaji anaelewa kwamba ng'ambo ya mlima ni Uswisi, yaani usalama. Sasa fungua ramani. Salzburg, mji walikotoka, uko mpakani kabisa mwa Austria na Ujerumani, na mpaka wa Uswisi uko zaidi ya kilomita 200 upande wa magharibi. Anayetoka mji huo kwa miguu na kuivuka milima ya karibu anateremkia Berchtesgaden, kwenye ardhi ya Ujerumani, ambako Hitler mwenyewe alikuwa na nyumba huko Obersalzberg. Na picha zile za mwisho zilipigwa Obersalzberg hapo hapo.

Walifikaje Uswisi kwa mlima ule? Hili pengine ndilo swali maarufu kuliko yote wanayoulizana wapenzi wa The Sound of Music, filamu ya nyimbo aliyoiongoza Robert Wise mwaka 1965 na kuzoa tuzo 5 za Oscar. Kwa ambaye hajaiona: Maria, anayeigizwa na Julie Andrews, anajiandaa kuwa mtawa, anatumwa kulea watoto saba wa mgane mkali, anawafundisha kuimba, anaolewa na baba yao, kisha familia nzima inatoroka Austria inapomezwa na Ujerumani mwaka 1938. Mashabiki wake wameirudia mpaka hawaangalii tena hadithi. Wanaangalia pembe za picha. Wanaisimamisha, wanairudisha nyuma, wanaikuza, halafu wanabishana. Wengine wanaona upekuzi huo unaiua filamu. Wengine wanaona ndiyo njia ya kuipenda kwa akili. Mimi niko upande wa wapekuzi, ila nadhani muda wao mwingi wanaupoteza kwenye maswali yasiyofika mbali.

Wanaotaka tuache kuchokonoa wana hoja nzito. Filamu ya nyimbo haijawahi kumwahidi mtu uhalisia. Katika wimbo wa "Do-Re-Mi", watoto ambao hawajawahi kufundishwa hata noti moja wanaanzia kwenye majani ya Werfen, takriban kilomita 40 kusini mwa Salzburg, na kabla wimbo haujaisha wako kwenye ngazi za bustani ya Mirabell katikati ya mji, wakiimba kwa sauti zilizogawanyika kama kwaya ya miaka mingi. Mwanakwaya yeyote wa kwetu aliyefundishwa do-re-mi na mwalimu mwenye fimbo ya kuongozea anajua kazi hiyo ni ya miezi. Lakini hakuna anayelalamika, kwa sababu ndani ya wimbo saa ina mwendo wake na barabara zina urefu wake. Nyumba ya Kapteni nayo ni hivyo hivyo: upande wa mbele ni kasri la Frohnburg, upande wa nyuma wenye ziwa ulipigwa kando ya ziwa la Leopoldskron, sehemu nyingine kabisa ya mji, na vyumba vya ndani vilijengwa studio huko Los Angeles. Ukiyajua haya unafurahia ufundi, basi.

Kuna na kile kibanda cha vioo bustanini, ambacho kwa nje ni kidogo na kwa ndani kina nafasi ya watu wawili kucheza na kurukaruka juu ya mabenchi. Charmian Carr, aliyeigiza binti mkubwa Liesl, aliteleza humo akagonga kioo na kuumia kifundo cha mguu. Akaendelea na kazi akiwa amefungwa bandeji, ikapakwa vipodozi ili isionekane. Wenye macho makali waliiona katika nakala za zamani. Katika nakala zilizosafishwa baadaye kwa kompyuta imefutwa. Hapa naungana na wanaosikitika kufutwa kwake. Bandeji ile haikuwa kosa la hadithi. Ilikuwa alama ya msichana aliyecheza huku anaumwa na uso wake ukabaki na furaha, na sioni aliyefaidika ilipoondolewa.

Halafu kuna kasha la machungwa. Maria na watoto wanapita sokoni, na kwenye kasha kumeandikwa jina la Israel, nchi iliyotangazwa mwaka 1948, miaka kumi baada ya matukio ya filamu. Ni kosa la watu wa vifaa vya jukwaani. Watu wamelijadili kwa miongo, na hakuna kilichotoka humo zaidi ya kwamba kosa lipo.

Swali la mlima ni tofauti, kwa sababu ukilifuata linakufungulia mlango. Jiulize kwanza jambo dogo zaidi: huyu ni kapteni wa jeshi gani la wanamaji, na Austria haina bahari? Filamu inapita juu juu. Inaonyesha tu akipelekewa amri ya kuripoti Bremerhaven akalitumikie jeshi la wanamaji la Hitler. Georg von Trapp wa kweli alizaliwa mwaka 1880 Zadar, kwenye pwani ya Adriatiki, wakati pwani ile ilikuwa sehemu ya milki ya Austria-Hungaria. Aliongoza nyambizi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Milki ilipovunjika, Austria ikabaki bila pwani na yeye akabaki bila kazi. Zadar ikapewa Italia, na kwa kuwa alizaliwa huko, Georg akapata uraia wa Italia. Hapo ndipo lilipo jibu la mlima. Familia haikupanda mlima wowote. Mwaka 1938 walipanda treni, wakaenda Italia kama raia wa Italia, na baadaye wakaelekea Marekani kuimba. Nyumba waliyoiacha huko Aigen, kitongoji cha Salzburg, ilikuja kuchukuliwa na Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha SS cha Wanazi.

Kwa nini basi mlima? Wanaomtetea Wise husema filamu iliyofunguka kwa mwanamke anayeimba juu ya kilele haiwezi kufungwa kwa watu waliokaa kwenye behewa. Nakubaliana nao kabisa. Kilele kile cha mwanzo nacho kiko Ujerumani, mlima wa Mehlweg upande wa Bavaria, na Maria anapotimua mbio kuwahi kengele za nyumba ya watawa Salzburg, kwa ramani anavuka mpaka. Waliotengeneza filamu hawakuwa wajinga wa jiografia. Walikuwa na umbo la hadithi mkononi, wakaipinda dunia ilifuate umbo hilo. Mwandishi wa hadithi ana haki hiyo, na mlima wa mwisho haumdhulumu mtu yeyote.

Baba wa filamu ndiye anayenitatiza, kwa sababu yeye alikuwa mtu halisi. Christopher Plummer, aliyemwigiza Kapteni, anatuonyesha mwanamume wa baridi, aliyepiga marufuku muziki nyumbani na kuwaita watoto kwa filimbi kama mabaharia. Filimbi ilikuwepo kweli. Kiwanja kilikuwa kikubwa, na kila mtoto alikuwa na mlio wake. Lakini watoto wake walipokua walilalamika waziwazi kwamba baba yao alikuwa mpole, mpenda muziki, na kwamba nyumbani kwao walikuwa wakiimba kabla Maria hajafika. Agathe, binti mkubwa wa kweli, aliandika kitabu kuhusu maisha yao. Inasimuliwa kwamba Maria wa kweli mwenyewe aliwasihi watengenezaji wamlainishe mumewe, wakakataa.

Watetezi wana jibu hapa pia, na si jepesi. Bila baba mgumu hakuna wa kulainishwa na wimbo, na bila hilo hakuna filamu. Pale anapoingia chumbani, anakuta watoto wanaimba, na sauti yake mwenyewe inaungana na zao kwa kusitasita, hakuna asiyeguswa. Onyesho hilo linahitaji miaka ya ukimya kabla yake. Naikubali hoja hii kama hoja ya usanii. Lakini tazama walivyofanya kwa wengine. Watoto wote saba walibadilishwa majina. Rupert, mzaliwa wa kwanza, ambaye mwaka 1938 alikuwa tayari daktari, nafasi yake akapewa msichana wa miaka 16. Franz Wasner, padri aliyewanoa kimuziki na kuondoka nao, aliondolewa kabisa, na kazi yake akapewa mtu wa kubuni, Max. Ndoa ya mwaka 1927 ikasogezwa miaka 11 mbele. Waliokuwa na uhuru wa kubadilisha yote hayo wangeweza kumpa baba mkali jina jingine. Jina la Georg von Trapp waliliacha, tabia wakaibadilisha. Yeye alikuwa amefariki tangu 1947, kwa hiyo hakuweza kujitetea, na kwa mamilioni ya watu huyo ndiye Georg pekee wanayemjua. Kwa mimi hili ni zito kuliko kilomita zote za Uswisi.

Kuna jambo jingine ambalo silisikii likiulizwa sana, nalo liko wazi mbele ya macho. Kengele za harusi ya Maria zinageuka kuwa mlio mzito, bendera ya Wanazi inaning'inia, na askari wanavuka uwanja wa Residenzplatz. Uwanja ni karibu mtupu. Mji unaonekana kama umetekwa ukiwa umelala. Hali ya Machi 1938 haikuwa hiyo. Wanajeshi wa Ujerumani walipoingia Austria tarehe 12 walipokewa na umati wenye maua na vifijo, na siku tatu baadaye uwanja wa Heldenplatz jijini Vienna ulifurika watu waliokuja kumshangilia Hitler. Na Residenzplatz penyewe, kando ya chemchemi ile ile ambayo mwanzoni mwa filamu Maria anapita akiimba na kurusha maji, vitabu vilichomwa moto hadharani tarehe 30 Aprili 1938.

Filamu haikuficha kila kitu, na haki yake ipewe. Kuna Rolf, kijana mpole wa kupeleka telegramu anayegeuka mtumishi wa Wanazi. Kuna Franz, mtumishi wa nyumbani ambaye macho yake yanasema yuko upande gani. Kuna Max, anayeamini mtu anaweza kuishi na yeyote mradi asijiingize. Watatu hao wanatosha kuonyesha kwamba uovu ulikuwa na wenyeji. Lakini umati haupo. Na walioisambaza filamu wenyewe walijua sehemu ipi inachoma: mjini Munich filamu ilikatwa ikaishia harusini, kabla ya bendera kuonekana, mpaka studio ilipoingilia kati.

Ukitaka kasoro ndogo ya kusimamishia picha, simamisha pale askari wanapovuka uwanja. Angalia kando za picha, kwenye madirisha na kwenye milango, uhesabu watu. Kisha uliza ni nani aliyeamua kwamba siku ile Salzburg iwe na watu wachache kiasi kile, na kwa nini katika miaka 60 tumeyajadili machungwa kwa bidii kuliko hilo.