Mwanafunzi wa muziki na risechi ya vitendo: chuo kinataka chapta, kijiji je?

Kila mwaka, wanafunzi wa mwaka wa tatu wakianza kuhangaika na propozo kwenye idara za muziki za vyuo vyetu, mjadala ni uleule. Kuna wanaosema mwanafunzi abebe rekoda aende fildi arudi na kitu kinachotumika, iwe akaivu ya ngoma, iwe kukisaidia kikundi kusajili nyimbo zake COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki Tanzania, na kuna wanaosema hapana bwana, huyo hata kusikiliza hajajua, afundwe nadharia kwanza, hayo ya kutumika atayakuta masta. Mimi nipo upande wa fildi, nasema mapema msije mkanikamata uongo, ila wale wa upande wa pili wana hoja ambazo sisi huwa tunazikwepa.

Nianze na kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi ngoma na nyimbo za makabila mengi, na kazi yake leo inatunzwa ILAM, maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo iko Rhodes University Afrika Kusini. Yaani mjukuu wa mwimbaji wa wakati ule akitaka kumsikia babu yake anaulizia Afrika Kusini. Waganda nao walikuwa hivyohivyo na rekodi za Klaus Wachsmann, yule aliyesimamia jumba la makumbusho la Uganda, mikanda ikawa London, mpaka Makerere wakapata kopi na kutengeneza akaivu chuoni kwao. Sasa kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu aliyejua litrecha rivyu tu, inataka mtu anayejua kuhamisha mkanda kwenda kompyuta, kuandika nani kaimba, wapi, lini, lugha gani, nani karuhusu. Faili lenye jina "ngoma 3 fainali mpya" ni takataka hata kama ndani yake kuna bibi anaimba vizuri kuliko wote wilayani.

Halafu kuna hili wanalosema nadharia kwanza, kana kwamba sikio linafundishwa ubaoni. Chukua ilimba ya Wagogo, ile marimba ya vidole aliyoitangaza duniani mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose. Inavyotyuniwa inafuata zile sauti ndogo zinazozaliwa zenyewe ndani ya sauti moja nene, na ile ya saba kwenye mpangilio huo iko chini ya noti ya piano kama senti 31 hivi (senti 100 ndio nusu toni, kwa hiyo ni karibu theluthi ya nusu toni, sikio la kawaida kabisa linaisikia). Mwanafunzi aliyezoea kinanda cha kanisani akiinukuu kwenye mistari mitano ataandika si bemoli na kuendelea na maisha, wengine watasema kabisa mzee marimba yake imelegea. Mpe rekodi hiyohiyo aifungue kwenye Sonic Visualiser, programu ya bure, aione ile sauti imekaa wapi, kisha arudi kwa mzee amwombe atyuni mbele yake huku anauliza hii umeipandisha kwa nini, hii umeiacha kwa nini. Hapo nadharia inaingia bila kulazimishwa, na nadhani ingechukua semesta nzima kuifikisha kwa slaidi.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo panauma. Nyimbo za unyago, zile za kuwafunda wasichana faraghani. Ni kweli Bi Kidude alizipiga jukwaani mbele ya watu wote, na wapo wanawake waliochukia, lakini yule alikuwa kungwi, ana mamlaka yake na lawama zake. Kijana wa miaka 22 aliyekuja na barua ya mtendaji akarekodi halafu akapandisha YouTube "kuhifadhi utamaduni" ana mamlaka gani? Barua ya chuo ikitoka kwa katibu tawala mkoani ikashuka wilayani mpaka kijijini inampa ruhusa ya kuuliza, haimpi wimbo. Kenya angalau wana sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, ila hata sheria haikai pale uwanjani kumwambia binti huu zima rekoda, huu haya endelea. Hilo linataka kukaa na watu, na mwanafunzi wa bumu hana muda wa kukaa, pesa ikiisha anapanda basi.

Na ahadi jamani! Utafiti wa kutumika umeleta ugonjwa wa kuahidi, kikundi kinaambiwa mtajulikana, mtaalikwa tamasha, mtalipwa mirabaha, mtu anapata B yake na namba ya simu haipatikani tena. Yule wa nadharia angalau hakumdanganya mtu, alikaa maktaba akaboreka peke yake.

Kwa hiyo mimi naona tatizo lipo kwenye ukubwa wa kazi wanayopewa. Mwanafunzi wa digrii ya kwanza asipewe "kufufua" ngoma wala kukitafutia kikundi soko, apewe kitu kidogo kinachoisha, nyimbo nane zilizorekodiwa vizuri, zenye maelezo kamili, zilizosikilizwa tena pamoja na wenyewe wakasema hii iwekwe wazi hii isiwekwe, kopi moja ibaki kijijini kwenye flashi au simu ya kiongozi wa ngoma na moja chuoni. Na hiyo ya chuoni iwe na pa kukaa kweli, maana idara ambayo rekodi zinaishi kwenye laptopu ya supavaiza isimlaumu mwanafunzi. Halafu wazipe maksi. Kama maksi zote ziko kwenye zile chapta tano na rekodi inaambatanishwa nyuma kama risiti, mwanafunzi mwenye akili timamu ataiba nukuu kwenye tasnifu ya mwenzake aende zake, na mimi siwezi kumshangaa.