Siti Laini Ndiyo Inayotuumiza

Wiki iliyopita rafiki yangu alirejea kutoka safari ya kilomita 400 kwa pikipiki, akashindwa kuketi mezani. Alikula amesimama, sahani mkononi. Nilipomuuliza kulikoni, akanieleza kwamba siku tatu kabla ya kuondoka alikuwa ameipeleka siti yake kwa fundi ili iongezwe sponji, kwa kuwa ile ya kiwandani ilikuwa ikimuumiza. Fundi alifanya alichoombwa. Siti ikanenepa, ikapendeza, na ukiibonyeza kwa kiganja ni kama unabonyeza mto. Nusu saa ya kwanza ilikuwa raha tupu. Kufikia saa ya pili alikuwa akitafuta pa kusimama kila baada ya kilomita chache. Nimeudhika sana, kwa sababu kisa hiki nimekisikia mara nyingi mno, na ushauri unaowaponza watu ni uleule: ongeza sponji, tena iliyo laini.

Tuliifungua siti hiyo pamoja. Chini ya ngozi bandia tulikuta tabaka la sponji ya godoro lenye unene wa sentimita 6 hivi, limegundishwa juu ya sponji ya awali. Tulipoliinua dirishani likaonekana limebonyea mahali pawili, kushoto na kulia, kama udongo uliokanyagwa kwa visigino. Nikaweka kidole gumba kwenye shimo mojawapo na kusukuma; kikazama bila kizuizi chochote mpaka kikagota chini. Ile mifupa miwili ya makalio, ambayo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mtu aliyeketi wima, ilikuwa imepita katikati ya ulaini wote ule na kukutana na ugumu uliokuwapo tangu mwanzo.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwendeshaji alielewe kabla hajatoa fedha yake. Sponji laini haiondoi shinikizo, huliahirisha tu. Inapokandamizwa mpaka mwisho inakuwa haina tena kazi, na kila shimo la barabarani linapanda moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo. Wakati huohuo, sehemu ya sponji iliyozunguka mifupa, ambayo haijalemewa, huinuka na kusukuma nyama laini za pembeni na za katikati, mahali ambapo hapakuumbwa kubeba uzito. Mishipa midogo ya damu hubanwa, ngozi na misuli hukosa hewa safi inayoletwa na damu, na ndipo huja ule moto unaoanza kama kero ndogo kisha ukajaza akili nzima mpaka mtu haoni tena barabara aliyosafiri kwenda kuiona. Maumivu ya namna hiyo humfanya dereva ajipinde, ahamishe uzito ovyo na akate kona akiwa nusu makini, kwa hiyo silichukulii suala hili kuwa la starehe peke yake.

Kinachohitajika ni sponji ngumu kiasi, inayokubali kubonyea kidogo kisha ikashikilia, ili uzito usambae kwenye eneo pana. Hapa pia wauzaji huwachanganya watu, kwani hutaja uzito wa sponji kwa ujazo wake kana kwamba ndio ugumu. Uzito huo hukuambia zaidi sponji itadumu muda gani kabla ya kulegea. Ugumu ni nguvu inayotakiwa ili kuibonyeza. Ipo sponji nzito iliyo laini kabisa, na ipo nyepesi iliyo ngumu. Muulize fundi yote mawili, na akishindwa kukujibu, mwombe kipande, kiweke juu ya kiti cha mbao na ukikalie kwa muda mrefu. Siti iliyo sahihi kwa safari ndefu mara nyingi huhisi ngumu ukiikalia kwa mara ya kwanza, na nakiri, kwa shingo upande, kwamba ile laini hushinda daima inapojaribiwa kwa dakika 2 pikipiki ikiwa imeegeshwa.

Umbo la siti lina umuhimu uleule, ila halizungumzwi. Chukua kipande cha boksi gumu la karatasi, kiweke juu ya ubao, ukikalie huku umeinua magoti kidogo, kisha inuka uangalie alama mbili zilizoachwa. Umbali kati yake, ambao kwa watu wengi ni kati ya sentimita 10 na 15, ndio unaokuambia siti yako inapaswa kuwa tambarare kwa upana gani pale unapoketi. Siti iliyobinuka katikati kama mgongo wa punda huiacha mifupa hiyo ikining'inia pembeni, na uzito wote huangukia palipo na mishipa ya fahamu. Ganzi inayowapata wengi hutokea hapo. Angalia pia mwinamo. Siti nyingi huinama kuelekea tenki, hivyo dereva huteleza mbele, hujirudisha nyuma, huteleza tena, na suruali hujikunja chini yake siku nzima. Kuiinua sehemu ya mbele kwa milimita chache tu, kwa kuweka vipande vya mpira kwenye nafasi zake za kufungia, kumewahi kunisaidia kuliko sponji yoyote niliyonunua.

Sikatai kwamba viko vifaa vingine vinavyofaa. Ngozi ya kondoo hupitisha hewa na kupunguza jasho. Mto wa hewa husaidia endapo utajazwa kidogo tu, kiasi cha kukuinua juu ya siti, wala si mpaka ukaze. Mto wa jeli ukiachwa juani hushika joto, na mimi siupendi. Nguo ya ndani yenye mshono mnene chini ya makalio itaiharibu hata siti bora kabisa.

Wapo pia wanaosema kwamba maumivu ni sehemu ya safari na mwendeshaji wa kweli huvumilia. Kauli hiyo hunikera kuliko kosa la fundi. Huko Marekani kuna chama cha Iron Butt, ambacho humtambua anayeendesha maili 1,000, yaani takriban kilomita 1,609, ndani ya saa 24, na miongoni mwa watu wake utawakuta waliochongesha siti maalumu, na wengine wanaotandika shanga za mbao ili hewa ipite. Hao ndio wavumilivu kuliko sisi sote, na bado hawaoni fahari yoyote katika kuumia. Kusimama juu ya vikanyagio kwa sekunde chache kila baada ya dakika 15 au 20, ili damu irudi ilikofukuzwa, hakumpunguzii mtu heshima.

Siti ya rafiki yangu tumeianza upya. Tumeibandua sponji ya godoro yote, tukaweka tabaka moja la sponji ngumu, tukalichonga tambarare kwa upana wa zile alama za boksi na kulizungushia mfuko wa nailoni na utepe wa gundi. Ngozi haitashonwa kwanza. Juzi ameijaribu kwa muda wa saa 2, akarudi akasema upande wa kushoto karibu na paja bado kuna ukingo unaomkata, nami nikampa msasa na kalamu ya kuwekea alama, akaketi sakafuni kuupunguza.